Buti la gari lililogeuka duka: jinsi Waingereza walivyozoea kuuza vyombo vyao

Mwezi Juni mwaka 2017 nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini London iliuza pete ya almasi kwa pauni 656,750. Bei hiyo peke yake isingekuwa habari kubwa kwa wateja wa nyumba hiyo. Kilichowashangaza watu ni mahali pete ilipotoka. Mwenyewe aliinunua katika miaka ya 1980 kwa pauni 10, kwenye uwanja wa hospitali moja magharibi mwa London, ambako watu walikuwa wameegesha magari yao na kupanga vitu wasivyovihitaji tena. Aliyeiuza aliidhani pambo la bandia, na aliyeinunua akaidhani hivyo hivyo. Aliivaa miaka takriban 30 katika shughuli zake za kila siku, hadi alipokuja kuambiwa na sonara kwamba huenda ni almasi ya kweli. Ilipopimwa ilikuwa na karati 26.

Visa vya namna hiyo husimuliwa sana nchini Uingereza, na bila shaka huwafanya wengine waamke mapema Jumapili. Lakini kwa pete moja kama ile kuna mamilioni ya birika, vikombe visivyo na visahani, baiskeli za watoto waliokwisha kuwa watu wazima, na vitabu vya mapishi ambavyo havikupikiwa hata chakula kimoja. Vitu hivyo ndivyo vyenye historia hasa, kwa sababu si zamani sana ambapo kaya ya Kiingereza yenye kujiheshimu isingethubutu kuvitoa nje na kuviuza mbele ya macho ya watu.

Alama ya mipira mitatu

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Mtu akionekana anatoa kabati au cherehani nje kuitafutia mnunuzi, majirani huulizana kwanza kuna nini: ni deni, ni ugonjwa, au mume kaachishwa kazi? Chombo cha nyumba huuzwa aghalabu pale mambo yanapoharibika, au pale mwenyewe anapofariki na mali kugawanywa. London ya karne ya 19 ilifikiri vivyo hivyo.

Mwandishi Henry Mayhew, ambaye kitabu chake kuhusu kazi na umaskini wa London kilianza kutoka mwaka 1851, aliwaeleza kwa kirefu watu walioishi kwa vitu vilivyotupwa au kuuzwa na wengine. Walikuwapo wanunuzi wa nguo kuukuu, wengi wao Wayahudi, waliopita mitaani asubuhi na mfuko begani. Walikuwapo waliobeba vyombo vya udongo na kuvibadilisha kwa nguo zilizochakaa, fedha isiguswe kabisa. Matambara yalikuwa na soko la uhakika, kwani karatasi ilitengenezwa kwa matambara kabla viwanda havijajifunza kutumia mbao. Mifupa ilikwenda kuwa gundi, vifungo na mbolea. Katika mtaa wa Houndsditch kulikuwa na soko zima la nguo zilizovaliwa, na nguo moja iliweza kushuka ngazi kadhaa za watu, kutoka kwa bwana hadi kwa mtumishi hadi kwa kibarua, kabla ya kuishia kiwandani.

Jambo la kuzingatia ni hili: katika biashara yote hiyo mwenye nyumba hakuwa mchuuzi. Aliuza mlangoni, haraka, kwa mtu aliyepita, na mlango ukafungwa. Kupanga bei na kupiga kelele sokoni ilikuwa kazi ya wengine, na wengine hao hawakuheshimiwa. Hata mwaka 1962, televisheni ya BBC ilipoanza kuonyesha mchezo wa vichekesho wa Steptoe and Son, mamilioni ya watu walicheka kwa sababu waliwajua wahusika: baba na mwana wenye gari la farasi, wakusanyaji wa makorokoro, wakiishi katikati ya vitu vya watu wengine.

Familia ya mfanyakazi iliyopungukiwa ilikuwa na njia nyingine, nayo ni duka la rehani lenye alama ya mipira mitatu ya shaba. Suti ya Jumapili ilipelekwa Jumatatu, ikakombolewa Jumamosi mshahara ulipolipwa, ikavaliwa kanisani, kisha ikarudi dukani. Sheria ya mwaka 1872 ilimpa mweka rehani miezi 12 na siku saba za ziada kukomboa mali yake. Wengi walipendelea rehani kuliko kuuza, ingawa riba iliwagharimu, na sababu yake si vigumu kuiona. Kilichowekwa rehani bado ni chako. Kilichouzwa kimekwenda, na jirani amekiona kikienda.

Hisani yaingia kati

Mabadiliko yalianzia makanisani. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 parokia nyingi zilianza kukusanya vitu kuukuu kutoka kwa waumini na kuviuza katika ukumbi wa kanisa, pengine kwa ajili ya paa linalovuja, pengine kwa ajili ya maskini. Mwaka 1890 William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, alipendekeza kuundwe kikosi cha kupita nyumba hadi nyumba kukusanya mabaki na vitu visivyotakiwa, ili watu wasio na kazi wapate riziki kwa kuvichambua na kuvitengeneza. Upande wa pili wa bahari, mjini Boston nchini Marekani, mchungaji wa Kimethodisti Edgar Helms alifanya jambo la aina hiyo hiyo mwaka 1902, na shirika lililozaliwa hapo, Goodwill, lipo hadi leo.

Kisha vikaja vita. Nguo ziliuzwa kwa mgao nchini Uingereza kuanzia Juni 1941 hadi 1949, na samani mpya zilitolewa kwanza kwa maharusi na kwa waliobomolewa nyumba na mabomu. Katika hali hiyo kitu kilichotumika hakikuwa tena kitu cha kuonea haya. Mwaka 1942 lilikuwa limeundwa katika mji wa Oxford kundi la watu waliotaka kuwasaidia Wagiriki waliokuwa wakifa njaa chini ya kukaliwa na Wajerumani na kuzingirwa kwa bahari na Washirika. Kundi hilo ndilo lililokuja kuitwa Oxfam. Vitu vilivyochangwa vilikuwa vingi kuliko vilivyoweza kusafirishwa, na kundi hilo likafungua duka katika mtaa wa Broad Street. Mwaka 1949 lilimwajiri Joe Mitty, mfanyakazi wake wa kwanza wa kulipwa, ambaye aliligeuza duka hilo kuwa biashara ya kweli na mfano wa maelfu mengine yaliyofuata.

Maduka ya hisani yana uhusiano wa moja kwa moja na Afrika Mashariki. Nguo zisizouzika huko hufungwa marobota na kupelekwa nje, na sehemu yake huishia Gikomba, Owino na Karume. Watanzania wa zamani waliziita kafa Ulaya, jina lililodhania kwamba mtu hawezi kuachana na shati zuri kiasi hicho ila awe amekufa. Biashara hiyo ilikuja kuzua mgogoro wa kidiplomasia: Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka senti 20 hadi dola 2.50 za Kimarekani kwa kilo, Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo kutoka Rwanda.

Hata hivyo katika ukumbi wa kanisa na katika duka la Oxfam, mwenye kitu bado hakuuza kwa faida yake. Alitoa. Fedha zilikwenda kwa mwingine, na heshima yake ilibaki palepale, tena pengine ikaongezeka.

Padri aliyerudi kutoka Kanada

Aliyefungua mlango wa mwisho anatajwa kuwa padri wa Kikatoliki wa mji wa Stockport, Harry Clarke. Mapema katika miaka ya 1970 alikwenda Kanada, akaona watu wameegesha magari pamoja na kuuza vitu kutoka kwenye buti, yaani sehemu ya nyuma ya gari ya kuwekea mizigo. Aliporudi akaandaa mauzo ya namna hiyo ili kuchangisha fedha za hisani.

Wazo hilo lisingefaa kitu miaka ishirini kabla. Mwaka 1951 ni takriban kaya moja katika kila saba nchini Uingereza iliyokuwa na gari. Ilipofika mwaka 1971 ni zaidi ya nusu. Gari lilifanya kazi mbili: lilikuwa mkokoteni wa kubebea mizigo, na lilikuwa pia cheti cha heshima. Anayeuza sufuria kuukuu akiwa amesimama kando ya gari lake hawezi kudhaniwa kuwa hana chakula. Na kwa kuwa mwanzo ulikuwa wa kanisa, hakuna aliyeweza kuunyooshea kidole. Kidogo kidogo utaratibu ukabadilika: muuzaji akalipa kiingilio kwa mwandaaji, na kilichobaki akatia mfukoni mwake. Hisani ilibaki katika kiingilio, baadaye hata hapo ikaondoka, kwani waandaaji wengi wakawa wakulima wenye viwanja au makampuni. Aibu ya karne nzima ilivukwa kwa hatua ndogo ndogo kiasi kwamba ni vigumu kusema ilivukwa siku gani.

Katika miaka hiyo hiyo watu wengine waliuza vyombo vyao kwa namna nyingine kabisa. Tarehe 4 Agosti 1972, Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba watu wenye asili ya Asia waliokuwa na uraia wa Uingereza waondoke nchini, wakapewa siku 90. Kaya zilizokuwa zimekaa Kampala, Jinja na Mbale kwa vizazi viwili au vitatu zilijikuta zikitafuta mnunuzi wa majokofu, vitanda, vyerehani na magari wakati mtaa mzima unauza na wanunuzi wanajua siku zinahesabika. Vingine viliuzwa kwa bei ya kutupa, vingine viliachwa mikononi mwa majirani na watumishi, na majumba na maduka yakaingia katika mamlaka ya serikali ya kusimamia mali za walioondoka.

Takriban watu 28,000 kati yao waliingia Uingereza. Walifika wakati wa baridi ikianza, wakapokewa katika kambi 16, nyingi zikiwa kambi za zamani za kijeshi kama ile ya Stradishall, Suffolk. Huko wanawake wa shirika la kujitolea waliwagawia makoti, sweta na viatu vilivyochangwa na kaya za Kiingereza. Ndivyo ilivyotokea kwamba familia iliyokuwa imeuza kabati la teki kwa bei ya debe la mahindi ilivaa koti lililotoka katika kabati la mtu asiyeijua. Historia za soko la vitu kuukuu kwa kawaida hazigusii kambi hizo. Ni pengo, kwa sababu hapo ndipo inapoonekana wazi kwamba tofauti ya muuzaji mmoja na mwingine si kile anachouza. Tofauti ni kama anaweza kusubiri mnunuzi wa pili.

Jumapili na sheria

Soko la buti lilikua kwa kasi katika miaka ya 1980, na sheria ililisaidia bila kukusudia. Sheria ya Maduka ya mwaka 1950 ilizuia biashara nyingi siku ya Jumapili katika Uingereza na Wales. Ilikuwa na mambo ya kuchekesha: wapinzani wake walipenda kutaja kwamba duka la samaki na viazi lilikatazwa kuuza chakula hicho Jumapili, ilhali mkahawa wa Kichina uliruhusiwa. Serikali ya Margaret Thatcher ilijaribu kuifuta, lakini tarehe 14 Aprili 1986 wabunge waliuangusha mswada huo kwa kura 296 dhidi ya 282. Kwa hiyo hadi sheria mpya ya mwaka 1994, Jumapili ya Mwingereza ilikuwa siku ndefu yenye maduka yaliyofungwa, na shamba lililojaa magari yaliyofunguliwa buti lilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambapo mtu angeweza kutumia fedha zake. Kanuni za upangaji ardhi nazo ziliruhusu uwanja kutumika kwa soko siku 14 kwa mwaka bila kibali maalumu. Mkulima aliyekuwa na malisho karibu na barabara kuu alijua la kufanya.

Malalamiko hayakukosekana. Wenye maduka walisema wanashindana na watu wasiolipa kodi ya pango, na polisi walisema mali ya wizi imepata njia ya kutokea. Juu ya mali ya wizi Uingereza ilikuwa na kanuni ya kale ya ajabu: aliyenunua kwa nia njema katika soko la wazi lililotambuliwa kisheria, kati ya macheo na machweo, alikuwa mmiliki halali hata kama kitu kiliibwa. Soko la Bermondsey, kusini mwa London, lilijulikana sana kwa hilo. Picha za wachoraji Gainsborough na Reynolds zilizoibwa katika chuo cha wanasheria cha Lincoln's Inn ziliuzwa hapo kwa fedha isiyofika pauni 200. Bunge liliifuta kanuni hiyo mwaka 1994, na tangu hapo mwizi hawezi kumpa mtu umiliki wa kitu, awe amekiuza saa tatu usiku au saa tatu asubuhi.

Si wote waliosimama kando ya magari yao walikuwa wanajiburudisha. Mwaka 1982 idadi ya wasio na kazi nchini Uingereza ilipita milioni tatu, na kwa waliofungiwa migodi na viwanda meza ya kukunja ilikuwa kazi. Watafiti Nicky Gregson na Louise Crewe, waliochapisha kitabu kuhusu biashara ya vitu vilivyotumika mwaka 2003, waliliona soko hili kuwa mahali ambapo starehe na shida husimama bega kwa bega, na ambapo muuzaji wa saa moja ni mnunuzi wa saa inayofuata. Lina desturi zake. Wafanyabiashara wenye uzoefu hufika kungali giza, na tochi mkononi, wakazengea buti kabla halijafunguliwa vizuri. Muuzaji mgeni huuza kitu chake bora katika dakika kumi za kwanza, kwa bei ndogo, kisha hushinda siku nzima na vikombe. Na Mwingereza, ambaye dukani hulipa bei iliyoandikwa bila neno, hapa hupatana. Aliyekulia Kariakoo au Marikiti hujisikia yuko nyumbani.

Kutoka uwanjani hadi bandarini

Waswahili wanaoishi London, Reading, Milton Keynes na Birmingham waliliingia soko hili mapema, zaidi kama wanunuzi. Seti ya sahani, baiskeli, mashine ya kushonea, zana za useremala: vitu hivyo vilijaza mapipa na makontena yaliyokwenda Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, na kilichouzwa kwa pauni mbili katika shamba la Kent kikawa zawadi ya harusi. Wengine waliona biashara ndani yake. Vyombo vya umeme vilileta utata, kwa kuwa chini ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na kanuni zilizoufuata, televisheni au jokofu lililokufa huhesabiwa kuwa taka, si bidhaa iliyotumika, na kulisafirisha kwenda Afrika ni kosa hata kama fundi wa Buguruni angelifufua kwa siku moja.

Katika nchi za Ghuba sura ni nyingine. Huko ukaazi wa mgeni hufungamana na kazi yake, kwa hiyo mkataba ukiisha kaya nzima huuzwa kwa wiki chache. Tovuti ya dubizzle, iliyoanzishwa Dubai mwaka 2005, ilijaa matangazo ya namna hiyo mtikisiko wa fedha ulipowaondoa wageni wengi mwaka 2008 na 2009: makochi, pazia, kitanda cha mtoto, vyote pamoja, kuchukuliwa kabla ya Ijumaa.

Intaneti ilikuwa imekwisha kubadilisha mchezo. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko California mnada wa mtandaoni uliokuja kuitwa eBay, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, kwa dola 14 na senti 83. Mnada huo ulifika Uingereza mwaka 1999. Gumtree ilianza London mwaka 2000, Vinted ikazaliwa Lithuania mwaka 2008, na soko la Facebook likafuata mwaka 2016. Muuzaji wa leo hahitaji gari wala hahitaji kuamka alfajiri. Hahitaji hata kuonekana, kwani jirani hajui kochi linakwenda wapi.

Anayejua ni mtoza kodi. Tangu Januari 2024 majukwaa ya mtandaoni yanayotumika nchini Uingereza yanatakiwa kukusanya na kutoa taarifa za muuzaji aliyeuza mara 30 au zaidi kwa mwaka, au aliyepata zaidi ya euro 2,000. Zilienea tetesi kwamba umewekwa ushuru mpya kwa anayeuza nguo za mtoto wake, na serikali ikalazimika kueleza kwamba kodi yenyewe haikubadilika. Anayeuza kitu chake kilichomchosha, kwa bei ndogo kuliko aliyonunulia, hafanyi biashara na hadaiwi kitu. Anayenunua ili auze ni mfanyabiashara, na tangu Aprili 2017 anasamehewa pauni 1,000 za kwanza za mapato kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo mama wa Birmingham anayeondoa kitanda cha mtoto aliyekua yuko upande mmoja wa mstari, na mwenzake anayezunguka mashamba kila Jumapili akinunua vyerehani vya kujaza kontena la kwenda kuuza Tanga yuko upande wa pili, hata kama wamesimama meza moja na kupatana bei moja.